Mvinyo wa Burgundy unaharibikia kwetu, haukuharibika Ufaransa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sisi ni watunza stoo na wahudumu wa meza katika hoteli na mikahawa ya Mji Mkongwe na ya pwani ya mashariki ya Unguja. Tunaandika juu ya chupa ya namna moja tu, mvinyo mwekundu wa daraja la juu wa Burgundy, eneo la mashariki ya Ufaransa, ambao siku hizi umo kwenye orodha za vinywaji vya hoteli nyingi za visiwani. Tunajua wasomaji wako wengi hawanywi, na wengi katika sisi tunaozishika chupa hizi hatunywi vilevile. Hilo halimzuii mtu kuijua kazi yake. Mvinyo huu unaweza kutunzwa vizuri kabisa na mtu asiyeonja hata tone, madhali ana kipimajoto, macho, pua, na anaijua ardhi ulikotoka. Kuonja ni kwa mgeni.

Mgeni akilalamika kwamba mvinyo una ladha ya jamu iliyoungua, mwenye hoteli humlaumu muuzaji, na muuzaji humlaumu Mfaransa. Aghlabu Mfaransa hana kosa. Chupa ilitoka kwenye handaki la mawe lenye nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, ikaja kwetu ikaanikwa. Na mvinyo huu hauvumilii kuanikwa kama mingine inavyovumilia, kwa sababu iliyomo ndani ya zabibu yenyewe.

Zabibu yake ni ya aina moja, Pinot Noir. Ganda lake ni jembamba, kwa hivyo hutoa rangi kidogo na ukakasi mdogo. Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukaza, kama mtu aliyetafuna bibo. Ukakasi na rangi ndiyo akiba ya mvinyo mwekundu dhidi ya hewa. Mvinyo mzito wa Bordeaux, eneo jingine la Ufaransa, au wa Afrika Kusini una akiba nyingi, ukipata joto wiki mbili huumia lakini bado hunyweka. Burgundy thamani yake yote iko kwenye harufu: forosadi, waridi, na ukizeeka, uyoga na udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Harufu hizo ndizo za mwanzo kuondoka joto likizidi, na zikiondoka hakuna kilichobaki cha kulipiwa bei ile.

Tuanze na ardhi, maana bila ya kuijua hata lebo haisomeki.

Mashamba yenyewe yamo kwenye mteremko uitwao Côte d'Or, ukanda wa kiasi cha kilomita 50 unaoanzia karibu na mji wa Dijon na kushuka kusini, mwembamba sana, na sehemu kubwa yake imeelekea mashariki ili ipate jua la asubuhi. Sisi tunaokaa juu ya jiwe la matumbawe hatuhitaji maelezo marefu: chokaa yao nayo ni ya bahari, ya zama za Jurasiki, na mahali pengine bado ina makombe ya chaza ndani yake. Juu kabisa ya mteremko udongo ni haba na jiwe liko karibu. Chini kabisa, kwenye tambarare, udongo wa mfinyanzi ni mzito na maji hutuama. Mashamba bora yako katikati, takriban mita 250 hadi 300 juu ya bahari, ambako maji hupita na mzizi hulazimika kuchimba. Mkulima wa mpunga wa kwetu anajua kwamba bondeni na juu ya kilima si kitu kimoja. Wenzetu hawa wameichukua elimu hiyo hiyo wakaipeleka mbali hadi kila kipande kikapewa jina lake na mipaka yake. Mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vipande hivyo, 1,247 kwa idadi, kwenye Urithi wa Dunia, orodha ile ile ambayo Mji Mkongwe wetu uliingia mwaka 2000.

Chukua shamba moja, Clos de Vougeot. Neno clos maana yake ni shamba lililozungushiwa ukuta. Watawa wa Kisistersia wa monasteri ya Cîteaux walianza kuikusanya ardhi hiyo karne ya 12, wakaizungushia ukuta wa mawe ambao upo mpaka leo. Ni hekta 50 na kitu. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliwanyang'anya watawa mali yao, shamba likauzwa, baadaye likagawanywa na kurithiwa vipande vipande, na sasa lina wamiliki karibu 80. Wote wana haki ya kuandika jina lile lile kwenye lebo na cheo kile kile cha Grand Cru, cheo cha juu kabisa. Lakini mwenye mistari yake juu, karibu na jumba la zamani la watawa, ana udongo mfupi wenye changarawe ya chokaa. Mwenye yake chini, pembeni mwa barabara kuu, ana mfinyanzi unaoshika maji mwaka wa mvua nyingi. Kwa hiyo mtu akikuletea orodha ya bei yenye maneno "Clos de Vougeot" peke yake, bila ya jina la mtengenezaji, hajakuambia kitu. Jina la shamba na jina la mtengenezaji lazima viende pamoja. Lipo na shamba la kinyume chake, Clos de Tart, hekta 7 na nusu, lililonunuliwa na watawa wa kike mwaka 1141 na halijagawanywa mpaka leo: humo shamba ni moja na mwenyewe ni mmoja.

Kosa la pili la lebo hutokea wakati wa kuagiza, nalo linagharimu fedha nyingi. Mwaka 1847 kijiji cha Gevrey kilijiongezea jina la shamba lake mashuhuri, Chambertin, kikawa Gevrey-Chambertin. Vijiji vingine vikafuata. Matokeo yake, lebo iliyoandikwa "Chambertin" tu ni mvinyo wa shamba moja la cheo cha juu kabisa, na iliyoandikwa "Gevrey-Chambertin" ni mvinyo wa kijiji kizima. Bei zake hazikaribiani. Vivyo hivyo "Musigny" na "Chambolle-Musigny", na "Vougeot" mtupu si "Clos de Vougeot". Katika orodha za vinywaji tumeona majina haya yakifupishwa ili yatoshe kwenye mstari, na hapo mgeni anayejua atasema ameibiwa, na atakuwa na haki. Andika jina kama lilivyo kwenye lebo, herufi kwa herufi, pamoja na mwaka wa mavuno. Na kijana mpya aambiwe mapema: mgeni Mwingereza atasema Burgundy, lebo itasema Bourgogne, ni kitu kimoja. Kwa kutamka, Vougeot ni kama "Vujo", Beaune ni "Bon", Nuits ni "Nwi", Volnay ni "Volne". Inatosha, hakuna mgeni muungwana atakayemcheka mhudumu kwa matamshi.

Vyeo ni vinne. Chini kabisa ni wa eneo zima, lebo husema Bourgogne. Halafu wa kijiji. Halafu Premier Cru, ambapo jina la kijiji hufuatwa na jina la kipande. Juu kabisa ni Grand Cru, mashamba 33 tu, na mavuno yake ni karibu asilimia 1 ya mvinyo wote wa Burgundy.

Kwa nini ghali? Hesabu ni rahisi. Mizabibu hupandwa kiasi cha 10,000 kwa hekta moja, mita moja kwa mita moja. Sheria inaruhusu Grand Cru nyekundu kuvuna takriban lita 3,500 kwa hekta. Gawanya: mzabibu mmoja hautoi hata nusu chupa kwa mwaka. Na huo ni mwaka mzuri. Jalidi ya Aprili, yaani baridi ya kugandisha, ikipiga macho ya mizabibu yanapochipua, kama ilivyopiga 2016 na tena 2021, mwenye shamba huweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno kwa usiku mmoja hata kama amewasha mishumaa mikubwa baina ya mistari usiku kucha. Ikipita jalidi, kuna mvua ya mawe, na kuna ukungu wa majani. Kumbukumbu za tarehe za mavuno za mji wa Beaune zinarudi hadi 1354, na zinaonesha kwamba tangu 1988 zabibu zinachumwa wastani wa siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa karne zilizotangulia. Joto limewafikia na wao.

Waliwahi kupata msiba mkubwa zaidi. Hapa kwetu kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika. Miaka michache baadaye mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, aliingia mashamba ya Burgundy na kuula mizizi. Dawa haikupatikana mpaka ilipokubaliwa kubebesha: shina la chini la mzabibu wa Kimarekani, ambao mdudu hauwezi, juu yake kitawi cha Pinot Noir. Takriban kila mzabibu wa leo umebebeshwa hivyo. Shamba la Romanée-Conti, hekta 1.8 tu, liling'ang'ania mizabibu yake ya asili hadi mavuno ya 1945. Ilipong'olewa na kupandwa upya, shamba halikutoa mvinyo tena mpaka 1952. Basi akitokea mtu kukuuzia Romanée-Conti ya 1948, mrudishie chupa yake.

Utengenezaji tutaupita kwa haraka. Zabibu huchumwa kwa mkono, mbovu huondolewa, vikonyo hutolewa vyote au kwa sehemu, kisha huachwa zichachuke pamoja na maganda yake kwa wiki mbili au tatu. Maganda huelea juu na hulazimika kusukumwa chini kila siku ili yatoe rangi. Yakisukumwa kupita kiasi, ukakasi mbaya wa kokwa hutoka na hauondoki tena. Baadaye mvinyo hulala kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 228 kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Jambo la kumvutia msomaji wa Pemba: mwaloni uliochomwa moto ndani ya pipa huupa mvinyo eujenoli, kemikali ile ile inayoifanya karafuu inukie karafuu. Mgeni akinusa gilasi akasema anasikia karafuu, hasemi ovyo.

Sasa safari, ambako uharibifu huanza.

Kontena la kawaida la chuma likikaa juani bandarini, hewa ya ndani, khasa karibu na paa, huweza kupita nyuzi 50. Mvinyo hutanuka. Chupa ya mililita 750 ikipanda kutoka nyuzi 15 hadi 35 huongezeka mililita 4 au 5, na nafasi iliyopo baina ya mvinyo na kizibo haizidi sana hapo. Kwa hiyo kizibo husukumwa juu. Usiku ukiingia, mvinyo husinyaa na kuvuta hewa ndani kupitia ubavuni mwa kizibo. Siku kumi za namna hiyo, mchana nje usiku ndani, na chupa imekwisha hata kama lebo inang'aa. Tena kemia yenyewe haisubiri kizibo: kila nyuzi 10 zikiongezeka, mabadiliko ndani ya chupa huenda takriban mara mbili kwa kasi.

Mzigo wa Burgundy usije ila kwenye kontena la baridi lililowekwa nyuzi 13 hivi, na baridi hiyo isizimwe mzigo unapovushwa kutoka Dar es Salaam au unaposubiri karatasi bandarini Malindi, hapa Unguja. Palipo na uwezekano wa kuchagua, agiza mzigo ufike wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, uweke akiba ya kutosha ili usilazimike kuagiza tena katika joto la kaskazi. Ushushwe alfajiri. Ndani ya katoni mbili tatu, moja ya juu kabisa na moja ya katikati, kiwekwe kirekodi joto, kifaa kidogo kinachoandika nyuzi kila baada ya dakika kadhaa. Bei yake ni ndogo kuliko chupa moja ya Premier Cru, na kinamaliza ubishi wote wa nani aliharibu.

Mpokeaji stoo afanye hivi kwa kila katoni, si moja tu kwa kubahatisha. Apitishe kidole gumba juu ya kifuniko cha shingo: kama kizibo kimevimba juu ya mdomo wa chupa, chupa imepata joto. Aangalie chini ya kifuniko kama kuna ugiligili wa kunata au doa jekundu. Ainue chupa kwenye mwanga atazame kiwango: mabega ya chupa ya Burgundy yameteremka, kwa hiyo hupimwa kwa sentimita kutoka chini ya kizibo. Mvinyo usiofika miaka 10 uwe umepungua sentimita 1 au 2. Ukipungua zaidi ya 3, weka pembeni na uulize. Wa miaka 30, sentimita 3 au 4 si ajabu. Aandike anachokiona kwenye hati ya mapokezi kabla ya kutia saini, wala asimwonee haya dereva. Kisha chupa zilale wiki mbili au tatu kabla ya kuuzwa, maana mvinyo uliotikiswa hufunga harufu yake.

Stoo ni tatizo kubwa zaidi, na hapa tunasema na wenye hoteli. Chumba chenye kiyoyozi kinachozimwa usiku si stoo ya mvinyo. Kupanda na kushuka kila siku kutoka 22 hadi 30 kunaumiza kuliko nyuzi 18 zisizobadilika. Kinachohitajika ni kabati la mvinyo lililowekwa nyuzi 13, na wakati wa kulinunua tazama kibao cha nyuma: herufi N maana yake limeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Mengi yanayoletwa ni ya N. Yakiwekwa nyuma ya baa karibu na jiko mwezi wa Februari, mashine hufanya kazi bila kupumzika na hufa ndani ya mwaka mmoja, na lawama humwangukia fundi. Nunua ST au T. Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma yake ipite hewa, tia stebilaiza kwa ajili ya umeme wetu, na safisha vumbi na chumvi ya bahari nyuma ya mashine kila mwezi. Umeme ukikatika usifungue mlango. Kabati lililojaa chupa hushika ubaridi kwa saa kadhaa, tupu halishiki. Kipimajoto kiwe ndani ya chupa ya maji iliyolazwa katikati ya kabati, kwa sababu kile cha mlangoni hupima hewa, na hewa si mvinyo.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe ni nzuri kwa macho, lakini kuta zake za chokaa hutoa unyevu na chumvi. Katoni isikae chini wala isiegemee ukuta. Karatasi ngumu hunyonya unyevu, huota ukungu, na lebo huoza. Lebo za chupa za bei zifungwe kwa plastiki nyembamba ya jikoni. Na jambo moja ambalo karibu kila stoo hulikosea: usisafishe stoo ya mvinyo kwa dawa yenye klorini. Klorini ikikutana na ukungu wa mbao na makatoni huzaa kemikali ile ile inayoleta harufu ya kizibo kibovu, na ikishaingia kwenye chumba huweza kuambukiza chupa nyingi. Tumia maji ya moto na sabuni isiyo na klorini. Samaki mkavu, rangi na petroli visikae humo.

Chupa zilale, kizibo kiwe kimelowa. Ile desturi ya kuzipanga zimesimama juu ya kaunta chini ya taa, miezi sita, ili wageni wazione, ikome. Panga chupa tupu. Lakini tupu za bei kubwa nazo, baada ya kuoneshwa, zikwaruzwe lebo au zivunjwe, maana chupa halisi yenye lebo halisi ndiyo mali ghafi ya mghushi. Kughushi Burgundy si hadithi: mwaka 2014 Rudy Kurniawan, mfanyabiashara wa mvinyo, alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 10 kwa kazi hiyo, na moja ya vilivyomfichua ni chupa za shamba la Clos Saint-Denis za jina la mtengenezaji Ponsot zenye miaka ambayo nyumba hiyo ilikuwa bado haijaanza kuutengeneza mvinyo huo.

Tufike mezani. Maneno "mvinyo mwekundu hutolewa kwa joto la chumba" yaliandikwa na watu wa vyumba vya baridi. Chumba chetu ni nyuzi 29. Burgundy nyekundu itolewe kwa 15 au 16, na kwa sababu gilasi hupata joto upesi kwenye baraza, mimina kwa 14. Ikitoka kabatini iko tayari. Ikiwa imeshikwa na joto la chumba, iingize kwenye ndoo yenye nusu barafu na nusu maji mpaka mabegani, dakika 10 hadi 12, kisha pima. Barafu tupu bila maji haipozi upesi, huacha hewa katikati. Usiitie kwenye friza ukaisahau.

Chupa ioneshwe kwa mgeni, lebo juu, na mhudumu ataje shamba, mtengenezaji na mwaka. Kata kifuniko chini ya ukingo wa pili wa shingo, pangusa mdomo kwa kitambaa kibichi. Ingiza ncha ya kizibuo pembeni kidogo mwa katikati, ili mzunguko wake ukae katikati, zungusha mpaka ubaki mzunguko mmoja nje. Ukipita mpaka chini, vumbi la kizibo huanguka ndani. Vuta kwa hatua mbili, polepole. Chupa iliyopita miaka 20 ina kizibo laini kama mkate, tumia kile kizibuo cha meno mawili kinachoingia ubavuni. Chupa hiyo isimame wima siku moja kabla, mashapo yatulie chini, na wakati wa kumimina usiirudishe wima baina ya gilasi na gilasi. Kuihamishia kwenye jagi kama wafanyavyo kwa Bordeaux hatukushauri: harufu ya Burgundy kuukuu huweza kuisha nusu saa baada ya kupata hewa.

Gilasi iwe pana tumboni na nyembamba mdomoni, ioshwe, isuuzwe kwa maji ya moto hadi harufu ya sabuni iondoke, na isipanguswe kwa kitambaa kilichokaa kabatini. Jaza theluthi tu, mililita 125, chupa itoe gilasi 6. Na tunaomba radhi kulisema hili katika nchi ya ukarimu: udi usifukizwe kwenye chumba kinachotolewa mvinyo huu. Moshi wa udi ni mzuri na una mahali pake, ila ukiwepo mgeni hatanusa kitu kingine.

Kwa chakula, jodari wa kuchomwa juu juu unafaa sana, na bata, na pilau ya ng'ombe isiyo na pilipili. Pilipili na kileo huchocheana, na ndimu ya urojo huufanya mvinyo uonekane mtupu.

Mgeni akiirudisha chupa, nusa kabla ya kubishana. Kadibodi lililolowa au kitambaa cha kudekia: kizibo kibovu, si kosa la mtu yeyote hapa. Jamu na zabibu kavu zilizopikwa, rangi imeanza kuwa ya tofali ilhali mvinyo una miaka mitano: joto. Tofaa lililobondeka: hewa imeingia. Siki au gundi ya viatu: vijidudu vya siki. Zizi la farasi: hamira ya porini iliyotoka handakini kwao; kuna wanaoipenda kidogo, wengi hawaipendi. Ya kwanza na ya mwisho, peleka kwa muuzaji akubadilishie. Ya joto, fungua kirekodi usome tarehe. Chupa iliyorudishwa ifungwe kwa kizibo chake hicho hicho, ibaki angalau nusu, iandikwe tarehe, meza na sababu, iwekwe kwenye friji; bila ya hivyo hakuna mwagizaji atakayekubali dai.

Ombi letu kwa waagizaji ni moja. Kila hati ya mzigo wa mvinyo inayotoka bandarini au boti kwenda hotelini iwe na mstari wa joto: nyuzi zilizosomwa ndani ya katoni wakati wa kupakia, na nyuzi zilizosomwa mlangoni kwa mpokeaji, na saini mbili. Kwa upande wetu tuko tayari kuanza kuujaza hata kabla haujachapishwa, kwa kalamu, pembeni mwa karatasi.

Ni sisi,
Watunza stoo na wahudumu wa meza,
Mji Mkongwe, Unguja